Samaki Mgeni, Mto Mwenyeji: Uvuvi wa Trauti na Nafasi ya Kiongozi wa Mto katika Nyandarua, 1905–1963

Historia ya uvuvi wa trauti nchini Kenya huanza, katika masimulizi mengi, na jina la mtu mmoja. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Masimulizi hayo ni sahihi, ila yana pengo. Yanamtaja aliyeagiza samaki. Hayawataji waliobeba mizigo wala walioonyesha njia. Insha hii inahoji kuwa uvuvi huo ulitegemea maarifa ya wenyeji ambao utaratibu wenyewe uliwanyima jina la wavuvi.

Gura haukuwa mto usio na wenyewe. Kwa Wakikuyu, mito iteremkayo Nyandarua ilitenganisha matuta ya makazi, na maji yake yalikuwa na nafasi katika ibada. Jomo Kenyatta, katika *Facing Mount Kenya* (1938), alieleza jinsi vijana walivyooga katika maji baridi ya mto alfajiri kabla ya kutahiriwa. Hata hivyo, Wakikuyu wa enzi hiyo kwa kawaida hawakula samaki. Kwa hiyo trauti hakuja kumpokonya mwenyeji kitoweo; alikuja na maana mpya ya maji. Mpaka na mahali pa ibada pakawa pia uwanja wa burudani, na burudani hiyo ilikuwa na leseni na wenye leseni.

Uvuvi wenyewe ulidai ujuzi wa aina mbili. Mgeni alijua kurusha mshipi ili nzi bandia, aliyefungwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoano, atue majini bila kishindo. Lakini trauti hukaa akiukabili mkondo, nyuma ya jiwe au ukingoni mwa kidimbwi, na mto wa mlimani hubadilika mvua inyeshapo. Kujua pa kuvukia, wakati maji yatakapotakata, na kichaka ambamo nyati hulala, ulikuwa ujuzi wa aliyeishi karibu. Ujuzi wa kwanza uliitwa michezo. Wa pili ulihesabiwa kuwa utumishi, na mwenye nao, hata akiwa mzee, aliitwa "boi".

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, dola iliimarisha uvuvi huo. Kituo cha kuzalishia trauti kilijengwa Kiganjo, karibu na Nyeri, mwaka 1948, na Hifadhi ya Taifa ya Aberdare ikaanzishwa mwaka 1950. Mnamo Februari 1952 Elizabeth na mumewe walivua trauti Sagana, katika nyumba waliyopewa na koloni kama zawadi ya harusi. Ni hapo alipopata habari ya kifo cha baba yake. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa, na mwaka 1953 msitu wa Nyandarua ukawa eneo la marufuku. Maarifa ya vijia na vivuko, yaliyokuwa yakimsaidia mgeni kupata samaki, sasa yalimtia mwenyeji katika shaka ya kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Dola hiyohiyo iliyaogopa maarifa hayo ndiyo iliyoyatafuta: wapiganaji waliojisalimisha walitumiwa kumsaka Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956.

Mfululizo huu unaonyesha kuwa thamani ya maarifa ya mwenyeji haikupimwa kwa maarifa yenyewe, bali kwa anayenufaika nayo. Unadai pia uangalifu katika matumizi ya vyanzo. Leseni humhifadhi mwenye leseni, na daftari la kituo huhifadhi idadi ya samaki. Kiongozi wa mto hana waraka wake. Mtafiti anayeridhika na nyaraka hizo pekee atarudia mgawanyo wa kazi uliozizalisha. Masimulizi ya wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu, yakisomwa sambamba na nyaraka hizo, ndiyo yanayoweza kumrejesha kiongozi huyo katika historia ya mto aliouongoza.