Kabla ya Barabara Kufunguliwa

Kama umewahi kupanda Jambojet kwenda Kisumu au Ukunda, zile ndege za propela mbili, basi ushakutana na jina Bombardier hata kama hukulisoma popote. Ndege hizo, Q400, ziliundwa na kampuni hiyo ya Kanada. Wachache wanajua kwamba kampuni yenyewe ilizaliwa kwenye karakana ya kijijini, na fundi aliyekuwa akihangaika na theluji.

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa 1907 huko Valcourt, Quebec. Babake alimpa Ford kuukuu achezee injini. Siku ya mwisho ya 1922, akiwa na miaka 15, yeye na nduguye Léopold wakatoka nje na maajabu: injini ya ile Ford imefungwa juu ya slei, na nyuma propela ya mbao inazunguka wazi. Wakapita nayo kijijini. Babake akaamuru ivunjwe, na kusema kweli mzee alikuwa na haki, ile propela ingekata mtu.

Mzee alitaka kijana awe padri, akampeleka seminari. Akiwa na miaka 17 Armand akatoka huko, akaenda kujifunza umakanika, huku akisoma kozi za posta. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nakiri hapa siwezi kuwa refa.) Mwaka 1926 akafungua karakana yake.

Sasa, sisi tunajua barabara kukatika kwa mvua. Quebec ya wakati ule, barabara za mashambani zilifungwa na theluji miezi kadhaa kila mwaka. Gari linaegeshwa ghalani, watu wanarudi kwa farasi. Januari 1934, mtoto wake Yvon, miaka miwili, akashikwa na kidole tumbo. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, kama kilomita 50. Barabara imezibwa. Mashine ya theluji aliyokuwa akiijaribu ilikuwa karakana, haijawa tayari. Yvon akafa.

Kitu alichovumbua baada ya hapo ni rahisi kueleza: gurudumu la meno lililofunikwa mpira, linalozungusha mkanda mpana wa mpira na vyuma. Mkanda unatandaza uzito, kwa hivyo gari halizami, na mpira unazuia theluji kugandamana kwenye meno. Hati ya ubunifu ilitoka 1937. Zikafuata B7, ya watu saba, kisha B12, ya watu kumi na wawili: bodi ya mbao, madirisha ya mviringo kama ya meli, ski mbele na mikanda nyuma. Madaktari walizinunua. Zikabeba barua, wanafunzi, wagonjwa.

Halafu 1948 serikali ya Quebec ikaanza kusafisha theluji barabarani hadi mashambani. Habari njema kwa kila mtu, isipokuwa muuzaji wa magari ya theluji. Soko likaanguka. Bombardier akageukia mashine ndogo aliyokuwa akiiota tangu utotoni, ya mtu mmoja au wawili, na 1959 Ski-Doo ikatoka. Alidhani wateja watakuwa wamisionari na wawindaji. Kumbe watu walitaka kucheza! Yeye alifariki 1964, kabla ya wazimu wenyewe kufika kilele. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, kampuni zaidi ya 100 zilikuwa zikiunda pikipiki za theluji Amerika Kaskazini. Bei ya mafuta ikapanda 1973, na nyingi zikafunga.

Hapo ndipo wakusanyaji wanapoingia. Mashine zilibaki bila mama, na spea hazipo dukani. Mtu anaitoa moja ghalani: petroli ya zamani imegeuka gundi ndani ya kabureta, pistoni imeshika, mkanda umepasuka, panya wamekula sponji ya kiti. Anaifungua nati kwa nati. Ananunua mbili mbovu ili kupata moja nzima. Anashona kiti upya, anachapisha upya stika za kampuni iliyokufa zamani. Ikiwaka, injini ya kuchanganya oili na petroli, kelele na moshi kama pawa so, utadhani amejifungua.

Na wanabishana. Wengine hupaka rangi upya mpaka kioo. Wengine wanasema mashine huwa ya kiwandani mara moja tu, acha mikwaruzo. Mimi niko na hawa wa pili, hasa kwa B12. Ski-Doo ya njano iliyong'arishwa ni toi tamu, sina ubaya nayo. Lakini B12 iliundwa ili mgonjwa afike hospitali, na bodi yake ya mbao ilichakaa kwa kazi hiyo.

Nyingine bado hazijastaafu. Kwenye Ziwa Winnipeg, Manitoba, wavuvi huendesha magari hayo ya zamani juu ya barafu kwenda kwenye nyavu zao, na kuyatengeneza kila msimu kwa sababu wanayahitaji. Karakana ya 1926 nayo imehifadhiwa Valcourt, kwenye makumbusho yenye jina lake. Leo kutoka hapo hadi Sherbrooke ni chini ya saa moja kwa gari, hata Januari.