Tanini: kinachokaza ulimi katika chai

Tanini ni kundi la kemikali za mimea zinazoyeyuka majini na zenye tabia moja kuu: hung'ang'ania protini, na hung'ang'ania pia madini ya chuma. Tabia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini chai iliyokaa mno kwenye birika hukaza ulimi, kwa nini maziwa huilainisha, na kwa nini mama mjamzito hushauriwa asiinywe pamoja na chakula. Istilahi inayogusa afya za watu wengi kiasi hiki inastahili kutumiwa kwa usahihi.

Neno limetoka Kifaransa. Tan ni gome la mwaloni lililosagwa, ambalo mafundi wa Ulaya walilitumia kudabaghi ngozi, yaani kuitengeneza isioze. Ngozi mbichi ni protini. Tanini ya gome huzishika nyuzi zake na kuzifunga pamoja. Pwani yetu nayo ilikuwa na magome ya kazi hiyo. Enzi za Wajerumani, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya. Mmoja wa miti ya jamii hiyo ni mkandaa, ambao gome lake likichemshwa hutoa maji mekundu ya kutilia rangi. Na chai isiyo na maziwa, watu wa pwani huiita chai ya mkandaa. Jina hilo limeweka pamoja vitu ambavyo kemia nayo huviweka pamoja, kwani wekundu wa gome na wekundu wa chai vyote hutokana na polifenoli.

Polifenoli ni ukoo mpana, na tanini ni mlango mmoja ndani yake. Jani la mchai lina polifenoli nyingi, takriban robo ya uzito wake likikaushwa, na sehemu kubwa ya hizo ni katekini. Mwaka 1929 mwanakemia wa Japani, Michiyo Tsujimura, alifaulu kutenga katekini kutoka kwenye chai ya kijani. Kiwandani, iwe Kericho au Mufindi, majani hunyaushwa, kisha hukatwakatwa na kusagwa. Hapo kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na katekini ndani ya seli hukutana nazo, oksijeni ya hewa ikaingia kati, nazo katekini zikaungana kuwa theaflavini zenye rangi ya machungwa, na thearubijini zenye wekundu wa kahawia. Hatua hii imezoeleka kuitwa uchachushaji, lakini haihitaji hamira wala bakteria. Jina lake sahihi ni uoksidishaji. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili kimeng'enya kisifanye kazi, na ndiyo maana katekini zake hubaki nyingi.

Je, hizo zote ni tanini? Mwaka 1962 Bate-Smith na Swain walizifasili tanini kuwa fenoli zinazoyeyuka majini, zenye uwezo wa kutuamisha protini, na zenye uzito wa molekuli kati ya 500 na 3000. Kwa kipimo hicho, katekini kuu ya chai, inayojulikana kwa ufupi kama EGCG, haifiki, kwa kuwa uzito wake ni 458. Theaflavini, yenye 564, inaingia. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kuzijumlisha zote aseme polifenoli za chai. Kosa kubwa zaidi ni kudai kwamba chai ina asidi ya taniki. Asidi hiyo hutolewa hasa kwenye vivimbe vya mwaloni na mimea mingine. Katika chai haimo.

Athari ya kwanza ya tanini huonekana mdomoni. Mate yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini ikizishika, utelezi hutoweka na ulimi hukaza. Kiswahili kina neno la hisia hii, nalo ni ukakasi. Aliyewahi kula bibo au ndizi mbichi hahitaji kuelezwa. Ukakasi si uchungu. Sehemu ya uchungu wa chai huletwa na kafeini, ambayo si tanini bali ni alkaloidi, nayo kazi yake ni nyingine: huziba nafasi za ubongo ambazo adenosini, kemikali inayoleta usingizi, ingezishika. Maziwa hupunguza ukakasi kwa sababu tanini hushikana na protini ya maziwa kabla haijafikia ile ya mate.

Athari ya pili ndiyo nzito zaidi. Polifenoli za chai hukishika chuma cha maharage, dengu na mchicha kikiwa bado tumboni, na kingi kikapita bila kuingia damuni. Majaribio kwa binadamu yameonyesha kuwa kikombe cha chai pamoja na mlo wa aina hiyo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu, na kutia maziwa hakusaidii sana. Chuma cha nyama na samaki huathirika kidogo. Vitamini C ya chungwa au embe huongeza ufyonzaji, na kuiahirisha chai kwa saa moja baada ya kula hupunguza hasara. Mtu mwenye afya na mlo mchanganyiko hana haja ya kuiogopa chai yake. Wanaopaswa kujihadhari ni wajawazito, watoto, na wenye upungufu wa damu.

Wapo pia wanaouza polifenoli hizi kama dawa ya kila kitu. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku vilihusishwa na dalili za madhara kwenye ini. Kikombe cha chai ya kawaida hakikutiliwa shaka hiyo.

Basi tuwe na maneno matatu, kila moja mahali pake: polifenoli kwa ukoo wote, tanini kwa zile zinazotuamisha protini, na ukakasi kwa hisia ya ulimi. Tusiseme "chai chungu" pale tunapomaanisha chai yenye ukakasi. Na kwa mhudumu wa kliniki, ambaye hana nafasi ya kueleza kemia yote hii, sentensi moja inatosha: chai hushika chuma cha chakula, kwa hiyo kula kwanza, ngoja saa moja, kisha unywe.