Cheni na bamba la chenso: namba tatu za kuangalia kabla ya kununua

MBARARA: Mteja wa Nakivale akimwagiza dereva au mchuuzi amletee cheni ya chenso kutoka Mbarara, mara nyingi hutaja kitu kimoja tu, urefu wa bamba. Agizo la "inchi 20" halitoshi. Cheni mbili za bamba la inchi 20 zinaweza kufanana kwa macho, na moja ikakataa kabisa kuingia. Kosa likigunduliwa Juru au Rubondo, nauli ya kurudi mjini inameza faida, na ni vigumu kurudisha cheni iliyokwisha kukatwa na kuungwa kwa kipimo cha mteja.

Soko lenyewe lipo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwaka 1958 na leo yana watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Wote wanahitaji nguzo, mbao na kuni, na mikaratusi ya mashamba ya watu binafsi ndiyo inayokatwa zaidi. Chenso ikisimama siku mbili, fundi hana kipato, na mwenye lori aliyekuja kupakia analala njiani.

Namba ya kwanza ni hatua ya cheni. Pima kutoka ribiti moja hadi ya tatu yake, kisha gawa kwa 2. Ukipata kama milimita 9.5 hiyo ni 3/8, 8.25 ni .325, na 10.26 ni .404, ambayo ni ya mashine kubwa kama Stihl 070. Hatua lazima ilingane na sproketi ya mashine, na pia na gurudumu dogo la kwenye ncha ya bamba, kama lipo. Hapa kuna mtego: ipo 3/8 ndogo ya chenso nyepesi, ambayo huandikwa 3/8 P au LP. Jina ni karibu lile lile lakini haishikamani na sproketi ya 3/8 ya kawaida.

Ya pili ni unene wa jino la chini, lile linalotembea ndani ya mfereji wa bamba. Vipimo vya kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu mabamba mengi ya Stihl za kati na kubwa ni 1.6, na ya Husqvarna kubwa ni 1.5. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.5, hivyo kosa hilo huonekana dukani. Kosa baya ni la upande wa pili: cheni ya 1.3 huingia vizuri kwenye mfereji wa 1.6, mteja akafurahi, halafu ikalala upande, mkato ukapinda, kingo za bamba zikaliwa na cheni ikaanza kuruka nje. Cheni inayoruka inaweza kumjeruhi mkataji.

Ya tatu ni idadi ya meno ya chini. Yahesabu kwenye cheni ya zamani. Usikisie kwa inchi.

Kwa bahati namba hizi huwa zimepigwa mhuri kwenye bamba, karibu na mkia wake. Cheni nayo husema: jino la chini la Stihl huandikwa 3 kwa 1.3, 5 kwa 1.5 na 6 kwa 1.6. Kwa Oregon za 3/8, 72 ni 1.3, 73 ni 1.5 na 75 ni 1.6. Namba hiyo ya 72 isichanganywe na idadi ya meno, ingawa bamba la inchi 20 la 3/8 mara nyingi huchukua meno 72 pia. Simu yenye kamera inamaliza kazi: mteja apige picha ya mhuri na aitume kabla gari halijaondoka.

Wapasuaji wa mbao wana jambo lao. Cheni ya kawaida hunolewa kwa nyuzi 30 hivi, kwa kukata gogo kwa upana. Kupasua kwa urefu kunataka nyuzi 10 hivi. Mbao hutoka laini zaidi, ingawa kazi ni ya polepole. Bamba refu kuliko nguvu ya injini halisaidii mtu yeyote, na cheni mpya juu ya sproketi iliyochakaa huisha mapema. Sproketi ibadilishwe kila baada ya cheni mbili hivi. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huitumia kulainisha, ina vumbi la chuma linalokula bamba.

Kwa mwenye mtaji, roli la futi 100 lina nafuu kuliko cheni zilizofungwa tayari. La 3/8 lina meno kama 1,600, yaani cheni 22 za meno 72, na kila mteja hukatiwa idadi yake. Anahitaji pia kifaa cha kutoa na kufunga ribiti.

Anayevusha mzigo kupitia Mpondwe au Mutukula akumbuke kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheni iliyotengenezwa Uswisi au China haimo, hata kama imenunuliwa Mbarara kwa risiti halali.