Kawia Ufike

Mama yangu bado ana kadi yake ya mpiga kura ya mwaka 2005. Ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake. Haitumiki tena, kwa maana kadi nyingine zimetolewa baada yake, lakini hataki kuitupa. Ilikuwa hati ya kwanza ya serikali kubeba picha yake, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake kila alikoulizwa yeye ni nani.

Kadi hiyo ilichelewa, na waliotuomba tuvumilie kuchelewa kwake ni walewale walioshindwa kutulinda. Nimejiuliza mara nyingi kama walikuwa na haki ya kutuomba subira.

Nilikuwa na miaka 12 Bukavu ilipotekwa tarehe 2 Juni 2004 na wapiganaji wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Kwetu Kadutu tulilala sakafuni, mbali na madirisha. Wanawake walibakwa, maduka na nyumba zikaporwa. Walinda amani wa MONUC walikuwapo mjini, mamia yao. Azimio 1493 la Baraza la Usalama liliwaruhusu kutumia nguvu kuwalinda raia katika Kivu, ila kwa kadiri watakavyoona uwezo wao unatosha. Siku zile hawakuona kuwa unatosha. Waasi waliondoka baada ya siku chache, lakini hasira haikuondoka nao. Hata Kinshasa watu waliyarushia mawe magari meupe ya Umoja wa Mataifa.

Mkuu wa MONUC alikuwa William Lacy Swing, Mmarekani aliyewahi kuwa balozi wa nchi yake Kinshasa. Alivaa kofia mbili. Aliongoza walinda amani, na pia aliongoza CIAT, kamati ya mabalozi iliyoundwa kusindikiza kipindi cha mpito: nchi tano zenye kura ya turufu, Ubelgiji, Kanada, Afrika Kusini, Angola, Zambia, Gabon, Umoja wa Afrika na Umoja wa Ulaya.

Mabalozi hao waliamini kwamba serikali ya mpito isivunjike kwa gharama yoyote. Serikali yenyewe ilikuwa na rais mmoja na makamu wanne, maadui wa jana waliogawana wizara. Kinshasa waliiita 1+4, kisha wakajibu hesabu hiyo wenyewe: sawasawa na sifuri. Nkunda na Mutebutsi walitoka katika jeshi la RCD-Goma, chama kilichokuwa na makamu mmoja wa rais. Kukisukuma sana chama hicho kungeweza kukirudisha vitani. Ukiwa Kinshasa, hoja hiyo ilieleweka. Ukiwa umelala sakafuni Kadutu, haikueleweka hata kidogo.

Mkataba ulitaka uchaguzi ufanyike ndani ya miaka miwili tangu 30 Juni 2003, na uliruhusu kuongeza miezi sita mara mbili. Januari 2005 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, padri Apollinaire Malu Malu, aligusia kwamba tarehe isingetimizwa. Vijana wa Kinshasa wakaingia barabarani, na wengine wakauawa. Mabalozi walikubali kuahirisha. Wengi wetu tuliona wamewapa wakubwa mwaka mwingine wa kula.

Leo nikiutazama mwaka ule, naona kazi iliyofanyika ndani yake. Nchi isiyo na barabara iliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 25. Desemba 2005 tuliipigia kura katiba. Ndege na helikopta za MONUC zilibeba vifaa mpaka vijiji ambavyo gari halijafika. Tarehe 30 Julai 2006 watu walipiga kura katika vituo karibu 50,000, wakiwachagua kati ya wagombea urais 33.

Mabalozi nao walionja hofu yetu. Tarehe 21 Agosti, siku moja baada ya matokeo ya duru ya kwanza kutangazwa, Swing na wenzake wa CIAT walikuwa nyumbani kwa Jean-Pierre Bemba walinzi wa Rais Kabila walipoishambulia. Walijibanza humo kwa saa kadhaa hadi askari wa MONUC na wa Ulaya walipowatoa. Oktoba duru ya pili ikafanyika. Kivu Kusini, ambako tulimwona Kabila kama mtu wa Kiswahili kama sisi, ilimpa zaidi ya asilimia 90.

Kwa hiyo naamini Swing alishindwa Bukavu, na naamini pia hakukosea kuhusu uchaguzi. Wazee husema kawia ufike. Kuchelewa kule kulikuwa na ukomo ulioandikwa, na kila mwezi kulikuwa na kazi ya kuonyesha.

Nililielewa hilo muhula wa Kabila ulipokwisha tarehe 19 Desemba 2016 naye akabaki. Makubaliano yaliyosimamiwa na maaskofu yalitaka uchaguzi kabla ya mwisho wa 2017. Ukasogezwa mwaka mzima, kisha wiki moja zaidi. Safari hii serikali ilikataa ndege za walinda amani, na mabalozi hawakuwa na kamati wala meza ya kugonga.

Siku nne kabla ya kura, tume ilitangaza kwamba Beni na Butembo zitasubiri hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Tarehe 30 Desemba 2018 watu wa Beni walijipanga hivyo hivyo, wakanawa mikono na kupiga kura waliyojiandalia wenyewe.

Mama alipiga kura Bukavu siku hiyo. Jioni alinipigia simu kuuliza kama kura za Beni zitahesabiwa. Hazikuhesabiwa. Machi ilipofika, rais mpya alikuwa ameapishwa tangu Januari.