Mto Ruvuma: Njia na Mpaka

Katika makala hii fupi tunakusudia kuutazama ushirikiano wa kuvuka mpaka kama njia ya kuyainua maeneo ya pembezoni, tukichukua mfano wa Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto huo kuwa mpaka, na Wamakonde wakabaki pande zote mbili. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kusini ya mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaichukua. Wenyeji hawakuulizwa.

Kwa maoni yetu, ushirikiano wenye manufaa kwa watu wa kawaida ulianzia kwa wakimbizi. FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi mwaka 1964, maelfu ya Wamsumbiji walivuka Ruvuma. Huko Rutamba, Lindi, Serikali ilitoa ardhi, na shirika la TCRS, lililoundwa mwaka huohuo chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likasaidia makazi. Mgeni alipewa shamba, akalima. Mjini Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali yake.

Baadaye ikaja mipango mikubwa. Desemba 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia sahihi mkataba wa Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, na Mei 2010 Marais Kikwete na Guebuza walifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa meta 720, kati ya Mtambaswala na Negomano. Lakini daraja hilo liko mbali sana juu ya mto. Hata gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilipelekwa Dar es Salaam kwa bomba lililozinduliwa mwaka 2015, baada ya ghasia za Mtwara za mwaka 2013.

Ndipo vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017, vikaupima ushirikiano huo. Hatuidharau hofu ya Serikali: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Machi 2021 Palma nayo ikavamiwa, watu wakakimbilia Ruvuma. Wengi wa watu wa pwani hii, tuseme wazi, ni Waislamu. Wale wa 1964 nao hawakuulizwa dini kabla ya kupewa jembe. Julai 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitangaza kwamba tangu Januari watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kwa nguvu. Walipitishiwa Negomano, penye Daraja la Umoja.