Nasaba ya Henry na Susannah Kable

Anayefuata nasaba ya maskini wa Uingereza waliovuka bahari hukutana upesi na jambo la kushangaza. Daftari za kanisa, zilizoamriwa mwaka 1538, humpa siku ya ubatizo, ya ndoa na ya maziko, na aghalabu hazimpi zaidi ya hayo. Mtu aliyelima shamba la mwingine kwa uaminifu maisha yake yote hakuacha ila mistari mitatu. Aliyeiba aliandikiwa kurasa nyingi. Ndiyo sababu wazao wa Henry Kable na Susannah Holmes, walioko Australia, wanawajua wazee wao kuliko watu wengi wenye wazee wasio na lawama.

Henry alizaliwa Laxfield, katika Suffolk. Mwaka 1783 alihukumiwa kufa kwa kuvunja nyumba. Mwaka uliofuata Susannah, wa Norfolk, alipata hukumu iyo hiyo kwa wizi. Wote wawili walisamehewa kifo, wakaamriwa kuhamishwa nchi kwa miaka 14. Lakini Marekani, iliyokuwa ikipokea wafungwa, ilikuwa imejitenga na Uingereza. Kwa hiyo walibaki katika jela ya ngome ya Norwich. Humo walipendana, na mwaka 1786 wakapata mtoto wa kiume. Waliomba kuoana wakakataliwa.

Mwaka ule ule Susannah alipelekwa Plymouth kungoja safari, na mkuu wa chombo cha wafungwa akamkataa mtoto. Mlinzi wake, John Simpson, alimchukua kitoto kile hadi London, akamwendea waziri, Lord Sydney, akarudi na amri kwamba mama, mtoto na baba wasafiri wote. Habari hizo zilienea magazetini. Watu wakachanga pauni 20, wakanunuliwa nguo, vitabu na vitu vinginevyo. Mlinzi wa jela si mtu ambaye mwandishi wa nasaba hutazamia kumshukuru, walakini bila yeye ukoo huu usingalikuwapo.

Merikebu zilitweka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, zikafika Januari 1788. Tarehe 10 Februari wawili hao waliozwa huko Sydney. Kisha wakaulizia furushi lao, lililopakiwa katika merikebu Alexander. Vilionekana vitabu tu. Mwezi wa Julai wakamshtaki nahodha, Duncan Sinclair.

Hapo pana jambo lipasalo kutazamwa kwa makini. Kwa sheria ya Uingereza, aliyehukumiwa kufa alihesabiwa kama maiti mbele ya korti: hakuweza kumiliki mali wala kudai haki. Katika hati ya madai, mahali pa kutaja hali yao, paliandikwa kuwa wao ni wakazi wapya wa mahali pale. Kisha maneno hayo yakakatwa, wala hayakutiwa mengine. Karani hakuwaita wafungwa, na korti, iliyoongozwa na David Collins, haikuuliza. Iliwapa pauni 15. Wote wawili walitia alama ya msalaba mahali pa sahihi, nao ndio waliorudishiwa vitabu! Nionavyo mimi, karatasi hiyo yashinda zote zinazowataja, kwa kuwa ndani yake hawakushtakiwa, bali wao ndio walioshtaki.

Jina nalo lataka uangalifu. Lapatikana kama Kable, Cable na Cabell, maana makarani waliandika walivyosikia. Atafutaye herufi moja tu atawapoteza njiani.

Baadaye Henry alikuwa mkuu wa askari, kisha mfanyabiashara wa vyombo na ngozi za sili pamoja na James Underwood. Walizaa watoto 11. Susannah alifariki mwaka 1825, Henry mwaka 1846. Baada yao jamaa nyingi za Australia zilificha kabisa asili ya namna hii, hata katika karne ya 20. Mwaka 1968 kilianzishwa chama cha wazao wa waliofika kwa merikebu zile za kwanza, na anayetaka kuingia hudaiwa kuthibitisha mzee yule yule aliyekuwa akifichwa.