Desa la Mwalimu Lions

Aliyepita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, analijua desa: noti zinazopigwa kopi steshenari, kisha kopi ya kopi, hadi herufi zinafifia na bado watu wanazigombea wiki ya mitihani. Katika historia ya kompyuta, desa lililotia fora ni lile lililoandikwa Sydney, Australia, mwaka 1976 na mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa John Lions. Kwa karibu miaka 20 watu waliotaka kuuelewa mfumo endeshi wa Unix walirithishana nakala zake kichinichini, maana kuzisambaza kulikuwa ni kuvunja masharti ya leseni.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Maabara hizo zilikuwa za kampuni ya simu ya AT&T, na AT&T ilikuwa imefungwa mikono na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani: ibaki kwenye simu, isijiingize katika biashara nyingine. Unix basi haikuuzwa kama bidhaa. Vyuo vikuu viliipata kwa ada ndogo, imerekodiwa kwenye utepe wa sumaku pamoja na msimbo wake wote. Msaada kwa mteja haukuwemo. Ukikwama, shauri yako.

Kilichokuwepo ni mwongozo, ambao toleo lake la kwanza lina tarehe ya Novemba 3, 1971. Kila amri ilielezwa kwa ufupi mno, na mwishoni palikuwa na sehemu ya kutaja kasoro zake. Waandishi walikiri wazi kwamba programu hii ina tatizo hili na lile, uungwana ambao watengenezaji wengi wa leo wameusahau. Mwongozo huo bado unaishi: kwenye mifumo ya leo kama Linux au FreeBSD, andika neno man na jina la amri, utaletewa ukurasa wake. Lakini uliandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi. Ulieleza amri inafanya nini. Mgeni asiyejua aanzie wapi, au mfumo unafanyaje kazi kwa ndani, hakupata jibu humo.

Lions alifundisha katika Chuo Kikuu cha New South Wales. Baada ya makala ya Thompson na Ritchie kuchapishwa mwaka 1974, chuo chake kiliupata mfumo. Kilichomkera ni namna somo la mifumo endeshi lilivyofundishwa: nadharia tupu na vipande vya mifano, mwanafunzi anahitimu bila kusoma programu kubwa hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Keneli, yaani kiini, ya Toleo la Sita la Unix, lililotoka mwaka 1975, ilikuwa na mistari isiyofika 10,000. Mwanafunzi mwenye bidii angeweza kuimaliza.

Aliupanga msimbo wote, akaupa kila mstari namba, akautia katika kijitabu kimoja. Kijitabu cha pili kilikuwa ufafanuzi wake: mstari huu unafanya kazi gani, kwa nini umewekwa hapa, na wapi waandishi wangeweza kufanya vizuri zaidi. Msomaji aliviweka vyote viwili mezani, jicho moja huku, jingine kule. Katika mstari wa 2238 palikuwa na maneno ya waandishi wa Unix yakimwambia msomaji kwamba hategemewi kuelewa sehemu ile. Wengi waliyachukua kama dharau. Miaka mingi baadaye Ritchie alieleza kwamba tatizo hasa ni kuwa wao wenyewe nao hawakuwa wameelewa.

Kisha ukaja mwaka 1979. Toleo la Saba lilitoka na leseni iliyokataza kuutumia msimbo wake darasani. AT&T ilikuwa imeanza kunusa fedha. Vyuo vilivyoheshimu sharti hilo vilirudi kwenye nadharia, na vijitabu vya Lions vikaingia mafichoni, vikipigwa kopi usiku kwenye mashine za ofisi na vyuo, kila kizazi cha nakala kikififia zaidi ya kilichotangulia. Kichekesho ni kwamba hata wahandisi wa Bell walivitumia kuuelewa mfumo wa nyumbani kwao.

Masimulizi mengi ya Linux, mfumo huru unaofanana na Unix, huanza na mwanzilishi wake, Linus Torvalds. Kwa maoni yangu yaanzie kwenye katazo hili la 1979. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, alijikuta hana msimbo wa kufundishia, akaamua kuandika mfumo wake mwenyewe unaofanana na Unix bila kuazima mstari wowote wa AT&T. Akauita Minix, na mwaka 1987 akauchapisha pamoja na kitabu cha kiada. Kitabu hicho kilimfikia Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Alinunua Minix, akauchezea, akaona mipaka yake, na Agosti 25, 1991 akawatangazia watumiaji wenzake kwamba anatengeneza mfumo huru, kama burudani tu, akiwaomba maoni. Toleo lake la kwanza lilikuwa na mistari kama 10,000, karibu sawa na ile aliyoipa namba Lions. Wanasheria waliofunga mlango wa darasa Marekani walikuwa wamefungua mwingine Ulaya.

Tawi jingine la Unix lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ndilo lililozaa FreeBSD. Tawi hilo limefika kwetu: katika warsha za AfNOG, jukwaa la waendeshaji mitandao wa Afrika, zilizofanyika Kampala mwaka 2003, Nairobi 2006 na Dar es Salaam 2011, mafundi wa mitandao wa Afrika waliketi na walimu wao wakifundishwa kusimika seva, kazi nyingi zikifanyika juu ya FreeBSD.

Vijitabu vya Lions vilichapishwa kihalali mwaka 1996, baada ya kampuni ya Santa Cruz Operation, iliyoisimamia Unix wakati huo, kutoa ruhusa. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, akafariki Desemba 1998 akiwa na miaka 61. Januari 2002 kampuni ya Caldera ikauachia msimbo wa Toleo la Sita kwa leseni huru. Tangu 2006 chuo cha MIT kinafundishia xv6, mfumo mdogo ulioandikwa upya kwa kufuata muundo wa toleo hilo, na hupatikana bure pamoja na kitabu chake cha maelezo. Kijana anayejifunza programu, mwenye kompyuta ya kawaida na vifurushi vya intaneti vya kupakua faili chache, anaweza kuanza nao leo jioni bila kuomba ruhusa kwa mtu.